Kwani Kiswahili kina jina moja tu la ngoma?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka 9, kwenye tamasha la ngoma za ulimwengu hapa Nairobi. Kiingilio kilikuwa bure. Alasiri nzima vikundi vilipokezana jukwaani, na pembeni kulikuwa na mahema ambamo yeyote angeweza kuketi, akapewa ala na kufunzwa kuipiga. Bango la langoni liliyaita mafunzo hayo "karakana". Nilicheka kimoyomoyo. Karakana, neno lenye asili ya Kiajemi, ni mahali pa kuundia au kutengenezea vitu; gari bovu ndilo hupelekwa karakana. Mafunzo ya muda mfupi ni warsha. Ila si kosa hilo lililonisukuma kuandika juma hili.

Katika hema la kwanza tulimkuta mzee kutoka Kakamega na isukuti zake tatu: kubwa, ya wastani na ndogo. Hema la pili lilikuwa la vijana wa Burundi, la tatu la djembe ya Afrika Magharibi, na la nne la tabla ya Kihindi.

"Babu, hii inaitwaje kwa Kiswahili?" mjukuu wangu aliniuliza.

"Ngoma."

"Na ile ya Burundi?"

"Ngoma."

"Na hizi mbili ndogo za Wahindi?"

"Hizo pia ni ngoma."

Akanikazia macho. "Kwani Kiswahili kina jina moja tu?"

Nilianza kumjibu kama ninavyowajibu wanafunzi wangu. Ngoma ni miongoni mwa maneno makongwe ya lugha za Kibantu. Mganda husema engoma, naye Mkongo husema ngoma kama sisi. Katika Kirundi na Kinyarwanda, ingoma ni ala na vilevile ni utawala wa mfalme. Mwenye ngoma ndiye mwenye nchi. Kwa Wazulu, ingoma ni wimbo au mchezo. (Mgikuyu naye, ukimtajia ngoma, atakumbuka mizimu, ala yenyewe anaiita kihembe.) Katika Kiswahili, neno hilo hubeba ala, mchezo na hafla nzima kwa pamoja. Mtu husema anakwenda ngomani hata kama hatashika kijiti.

Hapa sina budi kuungama. Miaka kadhaa iliyopita nilimkata alama mwanafunzi aliyeandika kwamba msanii fulani "ametoa ngoma mpya", akiwa na maana ya wimbo uliorekodiwa. Niliona ni lugha ya vijiweni. Leo nisingemkata. Neno ambalo tangu jadi limebeba ala, uchezaji na uimbaji kwa pamoja halishindwi kubeba wimbo wa redioni.

Msemaji wa jukwaani, kwa upande wake, alihangaika kutafuta jina la kuzijumuisha ala zote zilizokuwapo. Mara alisema "ala za kupiga", mara "ala za kugonga". La kwanza halifai kwa sababu Mswahili hupiga kila kitu: gitaa, zeze, kinanda, hata tarumbeta inayopulizwa. La pili lina nafuu, lakini linaiacha nje kayamba, ambayo hutikiswa, na njuga, ambazo huvaliwa miguuni zikalia kwa mwendo wa mchezaji. Mimi napendelea "ala za midundo", kwa kuwa linataja kinachosikika na kuuachia mkono au mguu uhuru wake.

Hema la tabla lilitunasa kwa muda mrefu zaidi. Mwalimu hakumruhusu mtoto yeyote kuigusa ala kabla ya kuutamka mdundo kwa mdomo: dha, ti, na, ge. Silabi hizo huitwa bol, neno linalotokana na kitenzi cha Kihindi chenye maana ya kusema. Nikawakumbuka Warundi, ambao mti wanaouchonga ngoma huuita umuvugangoma, yaani mti unaoifanya ngoma inene. Kwetu sisi ngoma hulia, na ikilia sana hupasuka.

Hata hivyo, swali la mtoto lilikuwa bado halijajibiwa. Kiswahili hakina jina moja tu. Kuna msondo, ngoma ndefu. Chapuo, iliyo ndogo. Na vumi, yenye sauti nzito. Kuna dufu na tari, yaliyotujia na majina yao ya Kiarabu na ambayo hadi leo hupigwa kwenye maulidi. Kuna upatu, sahani ya shaba inayogongwa kwa kijiti, ingawa siku hizi wengi hulijua neno hilo kama mchezo wa kuchangiana pesa. Msondo nao unajulikana zaidi kwa jina la bendi ya Msondo Ngoma ya Dar es Salaam. Nilimtajia yote hayo, naye akageuka kuzitafuta. Katika tamasha zima hapakuwa na hata moja kati ya hizo.

Mwaka 2014 UNESCO iliziorodhesha ngoma mbili kati ya tulizoziona. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingia katika orodha wakilishi ya turathi za binadamu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, kwani wajuzi wake wengi ni wazee wasio na warithi. Angalau isukuti ina orodha. Chapuo na vumi, kwa wengi wetu, vimebaki kwenye kamusi.

Tukiwa kwenye matatu, mjukuu wangu aliuliza, "Babu, umewahi kuuona msondo?"

"Nimeusoma," nikamjibu.

Nimemwahidi kwamba likizo ya Agosti tutateremka Pwani. Msomaji wa Lamu, Mombasa au Kwale unayejua mahali ambapo msondo, chapuo au vumi bado hupigwa, niandikie kupitia gazeti hili. Ukijua anayeziwamba, nitashukuru zaidi.