Mgeni Njoo, Shamba Lipone

Black Rock, mtaa wa kaskazini-magharibi mwa jiji la Buffalo katika jimbo la New York, zamani ulikuwa mji unaojitegemea, tena ulishindana na Buffalo kugombea mahali ambapo Mfereji wa Erie ungekomea. Buffalo ilishinda. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1825, na mwaka 1853 Black Rock ikaunganishwa na mshindani wake. Kilichogombewa kilikuwa biashara, na biashara kubwa ilikuwa nafaka: ngano ya mashamba ya magharibi ilikuja kwa meli kupitia Maziwa Makuu ya huko, ikapakuliwa na kuhamishiwa kwenye mashua za mfereji kuelekea bahari ya Atlantiki. Mwaka 1842 mfanyabiashara Joseph Dart alijenga Buffalo ghala lililotumia nguvu ya mvuke kuchota ngano kutoka ndani ya meli kwa ndoo zilizofungwa kwenye mkanda mrefu, kazi ambayo kabla ya hapo ilifanywa na vibarua waliobeba mizigo mgongoni. Vikafuata vihenge vikubwa vya chuma na vya zege. Halafu mwaka 1959 njia ya maji ya St. Lawrence ikafunguliwa, meli kubwa zikaweza kwenda moja kwa moja hadi baharini, na Buffalo ikabaki na safu ya majengo makubwa yasiyo na kazi. Leo upande wa magharibi wa jiji hilo unakaliwa pia na familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa kutoka Kongo, kwa hiyo habari ya vihenge hivyo si ya watu wa mbali.

Ukitoka mjini kwenda vijijini unakuta swali lilelile kwa umbo dogo: jengo lililopitwa na kazi yake lifanywe nini? Mabanda ya mbao ya New York na Ohio yalijengwa ili ng'ombe na farasi wakae chini na nyasi kavu zihifadhiwe darini. Trekta lilipochukua nafasi ya farasi, na mashine zikaanza kufunga nyasi katika marobota mazito yasiyoweza kupandishwa darini, jengo likapitwa na kazi yake. Kusini zaidi, katika mashamba ya Kentucky yanayoizunguka Louisville, kuna majengo marefu ya kukaushia tumbaku, yenye mbao za ubavuni zinazofunguka kama madirisha ili upepo upite. Wakulima wa Tabora na Urambo wanayaita majengo ya kazi hiyo mabani, ingawa yao hukausha kwa moto na hayo ya Kentucky kwa hewa. Sheria ya mwaka 2004 ilipofuta mfumo wa mgao wa tumbaku uliodumu Marekani tangu miaka ya 1930, wakulima wengi wadogo waliacha zao hilo, na majengo yao yakabaki matupu. Jibu linalozidi kupendwa duniani ni kuyageuza majengo ya namna hiyo kuwa malazi ya watalii wanaotafuta utulivu wa shamba. Makala haya yanalitetea jibu hilo kwa sharti moja: kitanda cha mgeni kilifae shamba kama zao jingine, kisichukue nafasi ya shamba lenyewe.

Tuanze na gharama ya kungoja, kwa kuwa hapo ndipo Buffalo inapotufundisha zaidi. Kihenge cha Great Northern, kilichojengwa mwaka 1897 na kuendeshwa kwa umeme wakati umeme bado ni jambo geni, kilikaa miongo kadhaa bila kazi. Kila mtu alikisifu, wanahistoria walikitetea, lakini hakuna aliyekipa matumizi. Desemba 2021 dhoruba ilibomoa sehemu kubwa ya ukuta wake wa matofali. Mabishano yakapelekwa mahakamani, na mwaka uliofuata ubomoaji ukaanza. Karibu na hapo, vihenge vinavyoitwa sasa Silo City vilipata mwenye nia ya kuvitumia: kwanza vikawa mahali pa maonyesho na mikutano, kisha sehemu yake ikageuzwa nyumba za kupanga. Huko Akron, Ohio, safari ya saa mbili hivi kutoka Columbus, vihenge 36 vya kampuni ya Quaker Oats viligeuzwa hoteli mwaka 1980. Vyumba vikawa vya duara kwa sababu kihenge ni duara. Biashara ya hoteli ilipobadilika, Chuo Kikuu cha Akron kikavinunua mwaka 2007 na kuwalaza wanafunzi humo. Angalia tofauti: jengo lililopewa kazi moja liliweza baadaye kupewa kazi nyingine, na jengo lililopewa sifa tupu limeondoka.

Sababu ya jambo hili ni ya kifundi, na mkulima yeyote anaweza kuikagua kwake. Jengo la shamba huharibika kuanzia juu na kuanzia chini. Juu, bati moja likipeperuka, mvua huingia na kulowesha boriti. Chini, udongo hujikusanya ukutani hadi mbao za msingi zikabaki na unyevu mwaka mzima. Mambo haya mawili hayahitaji fedha nyingi yakishughulikiwa mapema, ila jengo lisiloingiza chochote halipati mtu wa kupanda juu ya paa. Kuligeuza nako kuna mitego. Banda la nyasi lilijengwa ili hewa ipite. Ukilifunga kwa ajili ya joto au kiyoyozi bila kulipa njia nyingine ya kupumua, unyevu wa watu wanaolala na kuoga humo hukwama katika mbao na kuziozesha. Mkojo wa mifugo uliomwagika kwa miaka mingi huacha chumvi ndani ya matofali, na chumvi hiyo huvuta maji hewani. Plasta ya saruji ikipakwa juu yake hubanduka. Mafundi wa Lamu na wa Mji Mkongwe wanalijua somo hili kwa majengo ya mawe: chokaa huuacha ukuta upumue, saruji huubana. Paa za asbesto, ambazo bado zipo juu ya maghala mengi ya Afrika Mashariki, zinahitaji kuondolewa na watu wenye vifaa, kwa kuwa vumbi lake huleta saratani. Hesabu ya ukarabati isiyotaja mambo haya haijakamilika.

Wapo watakaosema kwamba kwa gharama hizo ni bora kujenga nyumba mpya za wageni. Mara nyingine ni kweli. Jengo lililopoteza paa na nusu ya kuta zake halina cha kuokoa zaidi ya vifaa, na kulijenga upya kwa kisingizio cha historia ni kujidanganya. Lakini pale mifupa inaposimama, jengo kuukuu lina vitu ambavyo fedha za leo hazivinunui kwa urahisi: boriti za miti iliyokomaa, kuta nene, nafasi pana chini ya paa moja, na mahali palipochaguliwa na watu walioujua upepo na maji ya eneo hilo. Tena halichukui ardhi mpya ya kulima. Nyumba kumi za wageni zikijengwa upya kando ya shamba hula ekari iliyokuwa ikitoa chakula. Zikiingizwa ndani ya ghala lililokwishajengwa, shamba halipungui. Kinachotakiwa ni kuliacha umbo la jengo liamue idadi ya vyumba. Anayetaka vyumba 20 katika ghala la vyumba sita atatoboa kuta, atakata boriti, na mwisho atabaki na hoteli mbaya ambayo ingeweza kujengwa popote.

Sasa turudi kwenye sharti. Italia ilikuwa na tatizo hili kwa ukubwa: baada ya vita vya pili vya dunia watu walihama mashamba ya milimani, na nyumba za mawe zikabaki tupu. Mwaka 1985 nchi hiyo ilitunga sheria ya utalii wa mashambani, ikaiandika upya mwaka 2006, na msingi wake haukubadilika: anayepokea wageni kwa jina hilo lazima awe mkulima, kilimo kibaki kazi kuu, na malazi yawe katika majengo ambayo tayari yapo shambani. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sheria hiyo ilihakikisha kwamba mwenyeji anayepona ni mkulima. Fedha za kitanda zilitengeneza paa, na meza ya mgeni ikawa soko la jibini, divai na mafuta ya zeituni ya shamba hilohilo, bila dalali. Kwetu, Gibb's Farm huko Karatu inaonyesha njia kama hiyo. Lilikuwa shamba la kahawa la enzi ya ukoloni, likaanza kupokea wageni mwaka 1972, na hadi leo nyumba ya zamani ya shamba imezungukwa na mibuni na bustani zinazolisha jikoni. Na si lazima mwenyeji awe mwenye shamba kubwa. Chama cha ushirika cha KNCU cha Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1933, kiliwahi kufungua mradi wa Kahawa Shamba ili wageni wakae kwa wakulima wadogo na kujifunza safari ya kahawa kuanzia kuchuma hadi kukaanga.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika hali yetu wenyewe: nchi ambayo mahindi yake bado yanaliwa na dumuzi itawezaje kugeuza ghala kuwa vyumba vya kulala? Nakubaliana nalo kabisa kama ghala bado linafaa kuwa ghala. Tanzania ina sheria ya stakabadhi ghalani tangu mwaka 2005, na mfumo huo wa kuuza korosho, ufuta na mbaazi hauwezi kwenda bila maghala imara karibu na mkulima. Hivyo swali la kwanza kuhusu jengo lolote tupu liwe kama linaweza kurudi kwenye kazi yake. Mkonge unatukumbusha kwamba mazao hurudi. Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge mwaka 1964. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa imeshuka hadi karibu tani 20,000, na kote Tanga na Morogoro korona, yaani mitambo ya kuchakata mkonge, zilinyamaza. Zao hilo limeanza kufufuka. Mtu aliyeivunja korona yake angejuta leo. Kwa hiyo ukarabati wa busara ni ule unaoweza kurudishwa nyuma: kuta za ndani ziwe nyepesi, nguzo zisikatwe, mabomba yapite pembeni. Lakini ofisi ya shamba, nyumba ya meneja, zizi la ng'ombe wa maziwa ambao hawapo tena na stoo ndogo isiyofikiwa na lori havitahifadhi korosho ya mtu. Hivyo ndivyo vya kuanza navyo.

Lipo pingamizi la pili, kwamba utalii huwaondoa wenyeji. Katika vijiji vingi vya Uingereza na Ufaransa nyumba za likizo zimepandisha bei hadi vijana wa hapo wakashindwa kupanga. Hofu hiyo ina ukweli wake, ila nyumba zilizowaponyoka vijana zilikuwa makazi. Banda la nyasi halikuwa makazi ya mtu. Kwetu tahadhari iwe juu ya kambi za wafanyakazi. Katika mashamba ya mkonge na chai, safu za vyumba vya vibarua huonekana tupu kwenye ramani huku ndani wakiishi wastaafu na wajukuu wao wasio na pengine pa kwenda. Kuwafukuza ili kumpa mtalii chumba chenye historia yao ni dhuluma, na serikali ya mtaa isiruhusu. Hata pale kambi ilipo tupu kweli, mgeni aambiwe ni akina nani waliolala watu sita katika chumba hicho na kwa ujira gani, kwa sababu shamba la kikoloni lisiloeleza kazi ya watu wake linauza uongo.

Jimbo la New York lenyewe linaonyesha wasiwasi huohuo kwa namna nyingine. Jimbo hilo humpunguzia kodi mtu anayekarabati ghala kuukuu la kilimo, kwa asilimia 25 ya gharama, mradi asiharibu sura yake ya kihistoria. Ila nafuu hiyo haitolewi kwa ghala lililogeuzwa makazi. Naiona hekima yake, kwa kuwa fedha za umma hazipaswi kumjengea tajiri nyumba ya mapumziko. Hata hivyo mkulima anayelaza wageni miezi mitatu ili aweze kulima miezi tisa ni mtu tofauti, na sera nzuri huwatenganisha wawili hao badala ya kuwafungia mlango wote.

Halmashauri zetu na vyama vya ushirika vinaweza kuanza bila kungoja mwekezaji. Viorodheshe majengo matupu ya kilimo, vikague paa na msingi, vitenge yanayoweza kurudi kuhifadhi mazao, na yanayobaki vishauriane na wenye mashamba kuyapangisha. Leseni ya malazi itolewe kwa anayeonyesha shamba linalolimwa, na ifutwe shamba likigeuka pori. Ada ya kwanza ya mgeni iende kwenye bati na mifereji ya maji ya mvua kabla ya vitanda vya fahari. Buffalo ilikuwa na zege, matofali na fedha kuliko wilaya yoyote ya kwetu, na bado ilipoteza jengo ililolipenda, kwa sababu mapenzi hayakufuatwa na kazi. Sisi tuna majengo machache zaidi na mvua kali zaidi. Muda wetu ni mfupi.