Springi Hufuata Bodi: Kupanga Saspensheni ya Mustang ya Wazi
(Sehemu ya Pili)

Saspensheni ni jumla ya vyuma, springi na mipira vinavyokaa baina ya gurudumu na bodi ya gari, na kazi zake ni mbili zinazovutana: kuyaacha magurudumu yapande na kushuka bila kumtikisa abiria, na kuyashikilia barabarani ili dereva aweze kukata kona na kufunga breki bila gari kumponyoka. Anayetaka kuiboresha saspensheni ya gari kongwe la Kimarekani lenye injini kubwa, hasa Ford Mustang ya mwaka 1965 au 1966 yenye paa la turubai linalokunjwa, mara nyingi huanza kwa kuagiza springi fupi na shokabsoba za bei ghali, na hapo ndipo mpango wake unapoharibika. Katika gari la wazi springi ya kwanza ni bodi yenyewe. Na kwa mwenye gari anayeishi kisiwani Mombasa, tuseme Majengo, kinachoamua urefu wa springi hizo si uwanja wa mashindano bali ni matuta ya mtaani na mlango wa feri ya Likoni.

Ukoo wa gari hili umewahi kujaribiwa katika Afrika ya Mashariki, tena hadharani. Mwaka 1964, mbio za East African Safari, zilizoanzishwa mwaka 1953, zilipokea kikosi cha magari ya Mercury Comet yaliyotayarishwa na Mmarekani Bill Stroppe, ambaye sifa zake zilikuwa zimekwisha kuenea katika mashindano ya kwao. Comet ilijengwa juu ya msingi wa Ford Falcon, na Mustang, iliyozinduliwa Aprili 17 ya mwaka huohuo, ilitokana na Falcon vilevile, kwa hiyo mpangilio wa saspensheni wa magari haya ni wa jamaa wa damu: mbele kuna springi ya koili iliyokalia mkono wa juu na kuegemea ndani ya mnara wa bati pembeni mwa injini, na nyuma kuna ekseli nzima iliyobebwa na springi za majani, yaani mabamba ya chuma yaliyopindwa na kulaliana. Comet zilikuwa na injini ya silinda nane yenye ujazo wa lita 4.7. Ushindi, hata hivyo, ulichukuliwa na Peter Hughes na Billy Young katika Ford Cortina GT ya lita 1.5, na katika kikosi kizima cha Comet magari mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho. Haitakuwa haki kuitupia sehemu moja ya gari lawama yote, kwa kuwa Safari ya zama hizo ilikuwa na matope, mawe na usiku mrefu wa kumchosha yeyote, lakini matokeo hayo yanatosha kumfanya mwenye Mustang aulize kuhusu njia kabla hajauliza kuhusu nguvu.

Bodi ndiyo inayostahili kutangulia. Mustang haina chesisi ya kando kama lori. Mabati ya sakafu, mihimili ya mbele na ya nyuma, vizingiti vya milango na paa vimechomelewa pamoja na kuwa kitu kimoja, na kila kimoja hubeba sehemu ya mzigo. Paa linapoondolewa, hali huwa kama ya sanduku la kadibodi lililokatwa kifuniko, ambalo hupindika kwa mkono mmoja ilhali dakika moja nyuma lilikuwa gumu. Kiwanda chenyewe kililijua hilo, ndiyo maana gari la wazi lilipewa vizingiti vya ndani vya bati nene zaidi, bamba la kuimarisha sakafu chini ya viti, na visanduku vya chuma pande zote mbili vya kuunganisha mihimili ya mbele na vizingiti. Hata hivyo gari lilibaki lepesi kupindika kuliko ndugu yake mwenye paa. Dalili zake hazihitaji chombo cha kupimia: kioo cha mbele hutetemeka, milango hugonga ndani ya fremu zake, na pengo baina ya mlango na bodi hubadilika gurudumu moja likipandishwa kwenye ukingo wa barabara.

Sababu ya kuanza na bodi ni ya kimakanika wala si ya mapambo. Gari likikata kona, bodi hulalia upande wa nje, na springi pamoja na stabilaiza, ambayo ni fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia ili kuzuia kulala huko, hugawana uzito baina ya mbele na nyuma. Mgawanyo huo ndio unaoamua kama pua ya gari itakataa kuingia kona au mkia utateleza. Iwapo bodi katikati ni laini kiasi cha kukaribia ulaini wa springi, basi nguvu iliyokusudiwa kufika magurudumuni huishia kuupinda mwili wa gari, na fundi atabadilisha stabilaiza tatu mfululizo bila kuona tofauti ya maana. Kadiri springi zinavyokuwa ngumu ndivyo kasoro hiyo inavyozidi, kwa hiyo springi za mashindano katika bodi isiyoimarishwa hulifanya gari liwe baya kuliko lilivyotoka kiwandani.

Dawa zake zinajulikana na nyingi zimo ndani ya uwezo wa gereji za mtaani. Ya kwanza ni mihimili ya kuunganisha, yaani vyuma viwili vya mraba vinavyopita chini ya sakafu kutoka mwisho wa mhimili wa mbele hadi mwanzo wa mhimili wa nyuma. Ya pili ni kiungo kizima kinachotoka ukuta wa injini hadi minara yote miwili ya springi. Ford ilikifunga katika magari yaliyouzwa nje ya Marekani badala ya vijiti viwili vyembamba vya magari ya nyumbani. Ya tatu ni fimbo inayovuka juu ya injini kutoka mnara hadi mnara, isiiache minara ikaribiane, ugonjwa ambao Mustang kongwe nyingi zinao na ambao huharibu pembe za magurudumu kwa namna ambayo hakuna marekebisho yatakayoziponya.

Kazi ya kuchomelea ina sharti moja linalopuuzwa mno. Gari la wazi lisiinuliwe kwa jeki za katikati ya bodi na kuchomelewa likiwa limening'inia, kwa sababu wakati huo ncha zake mbili zimelala kidogo, na mihimili ikishashikwa hapo kombo hiyo hubaki milele na milango haifungi tena. Gari libebwe chini ya ekseli ya nyuma na mikono ya mbele, uzito ukiwa pale unapokaa barabarani, milango imefungwa na mapengo yake yamepimwa kabla na wakati wa kazi. Kabla ya hapo kutu iwe imekwisha kuondolewa hadi chuma kizima, maana hewa ya chumvi ya kisiwani huingia ndani ya vizingiti na chini ya minara, mahali ambapo rangi ya nje huficha bati lililobaki unene wa karatasi. Kuchomelea chuma kipya juu ya bati la namna hiyo ni kutupa fedha.

Bodi ikisimama imara, ndipo hesabu ya springi inapopata maana. Kipimo kinachofaa kulinganisha magari ni masafa, yaani idadi ya mitikisiko ambayo bodi ingefanya kwa sekunde moja juu ya springi zake endapo shokabsoba zingeondolewa. Gari la starehe hucheza karibu na mtikisiko 1 kwa sekunde, gari la barabarani lenye mwelekeo wa michezo kati ya 1.5 na 2, na gari la mashindano huzidi hapo. Katika Mustang springi ya mbele imekaa karibu katikati ya mkono wa juu, hivyo gurudumu husafiri takribani mara mbili ya springi, na kwa kuwa uwiano huo huingia katika hesabu mara mbili, kwa nguvu na kwa mwendo, ugumu unaohisiwa gurudumuni ni kama robo tu ya ugumu wa springi. Ikichukuliwa kwamba kona moja ya mbele hubeba kilo 300, springi ya nyutoni 60 kwa milimita hutoa 15 gurudumuni, na masafa yake ni takribani 1.1; springi ya nyutoni 108 hutoa 27, na masafa hupanda hadi 1.5. Kwa maneno mengine, ugumu unakaribia kuongezeka maradufu ilhali masafa yameongezeka kwa theluthi moja, kwa kuwa masafa hufuata kipeuo cha pili cha ugumu. Kwa barabara za Mombasa, ambako lami nzuri hukatizwa na viraka na matuta yasiyo na alama, 1.5 mbele na kidogo zaidi nyuma ni mpaka wa busara. Anayepita hapo atakuwa amejenga gari la kutazamwa.

Springi za majani za nyuma zinataka tahadhari ya aina nyingine. Mafundi wa pwani wana ujuzi mkubwa wa kuongeza jani na kurudisha upinde, waliouzoea kwa magari ya mizigo, na ujuzi huo unafaa hapa mradi upinde urudishwe kwa nyundo au mashine chuma kikiwa baridi. Jani likichomwa kwa gesi mpaka liwe jekundu hupoteza ugumu lililopewa kiwandani, likaonekana zuri wiki ya kwanza na kulala baadaye.

Kuhusu kimo, hesabu fupi inatosha kuvunja ndoto za kulilaza gari. Urefu kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma ni milimita 2,743. Sehemu ya chini kabisa ikiwa katikati na kuinuka milimita 150 kutoka ardhini, gari litavuka mgongo wa nyuzi takribani 12.5 bila kukwaruza. Likishushwa milimita 50, nyuzi hizo huanguka hadi 8 na kidogo. Mlango wa feri ya Likoni hukutana na gati kwa pembe inayobadilika kulingana na maji kujaa na kupwa, na dereva hachagui saa ya bahari. Kushusha milimita 25 mbele na pungufu ya hapo nyuma kunatosha, na bomba la moshi lipandishwe karibu na sakafu iwezekanavyo, kwa kuwa ndilo hugusa kwanza.

Shokabsoba, ambazo licha ya jina lake hazipokei kishindo bali huzima mtikisiko uliokwisha kuanza, zichaguliwe baada ya springi, zenye uwezo wa kurekebishwa. Shelby GT350 ya mwaka 1965, toleo la Mustang lenye mwelekeo wa michezo, ilitumia shokabsoba za Koni za namna hiyo pamoja na stabilaiza nene ya mbele. Gari hilo lilirithi pia wazo la mhandisi wa Ford, Klaus Arning, la kushusha egemeo la mkono wa juu kwa milimita 25, ili gurudumu la nje libaki limesimama bodi inapolala katika kona. Badiliko hilo huhitaji matundu mapya machache ndani ya chumba cha injini, lina gharama ndogo kuliko rimu moja ya kisasa, na katika orodha nzima ya kazi za mbele hakuna linalolipa zaidi.

Pembe za magurudumu hupimwa mwisho, tanki likiwa na mafuta na uzito wa dereva ukiwa kitini. Sehemu ya tatu itashughulikia breki na usukani, pamoja na matatizo ya magari ambayo, yakiwa yametoka kiwandani na usukani wa kushoto, yalihamishiwa wa kulia na mikono tofauti kwa viwango tofauti.