Siku Moja kwa Basi Katika Miji ya Vilima vya Shaba

Ziara ya siku moja katika miji ya kale ya Haut-Katanga huanzia Lubumbashi na kumalizikia hapohapo. Njia yake kuu ni barabara ya taifa namba 1: ziara inagusa eneo la vilima vya Kinsevere, inavuka mto Lufira, inaingia Likasi na kufika Kambove, mwendo wa kilomita 150 hivi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Wanaoifanya zaidi ni wanafunzi, vikundi vya kanisa na familia zilizopata wageni kutoka Kinshasa au ng'ambo. Hukodi basi, hutafuta mtu mmoja anayeifahamu historia ya Katanga, na hubeba chakula au huagiza mapema kule Likasi.

Nchini Italia ziara ya namna hii ni biashara kubwa. Basi huondoka Florence asubuhi, hufika Siena, huendelea hadi San Gimignano, na jioni abiria wamerudi hotelini. Miji hiyo ilijengwa juu ya vilima ili adui aonekane akiwa mbali, na pia kwa sababu mabonde mengi ya pwani ya Toscana yalikuwa na malaria. San Gimignano ilikuwa na minara zaidi ya 70 ya matajiri walioshindana kwa urefu, ambayo 14 bado imesimama, na mwaka 1990 UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia. Basi haliruhusiwi kupenya ndani ya kuta. Abiria hushuka nje na kupanda kwa miguu.

Katanga nako miji ilifuata vilima, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Hakuna aliyepanda kilimani kujificha. Kilima chenyewe ndicho kilichotakiwa, na mji ukajengwa pembeni ili kukimega. Ndiyo maana mgeni anayetazama nje ya dirisha la basi akitafuta mji juu ya kilima hataona kitu: mara nyingi palipokuwa na kilima sasa pana shimo.

Kituo cha kwanza ni Lubumbashi yenyewe. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli kutoka Rhodesia ilipofika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilimimina shaba yake ya kwanza hapa mwaka 1911, ikitumia mawe ya mgodi wa Étoile, ambao wenyeji wanauita Kalukuluku. Bomba la moshi la kiwanda, lenye urefu wa zaidi ya mita 150, bado linaonekana karibu kila kona ya mji. Kando yake umesimama mlima mweusi wa mabaki ya tanuru. Mlima huo umetengenezwa na watu kwa miaka mingi, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 umekuwa ukiyeyushwa upya, kwa kuwa takataka za zamani zilikuwa bado na kobalti. Mwongozaji mzuri huwasimamisha watu mahali wanapoona bomba na mlima kwa pamoja, kisha huwapeleka Makumbusho ya Taifa kabla jua halijawa kali.

Makumbusho hayafai kurukwa, kwani ndani yake kuna kitu kinachofungua safari yote: msalaba wa shaba. Ni kipande kizito, chenye mikono minne iliyokaribia kulingana, kingo zake zina mikwaruzo kwa sababu shaba ilimiminwa katika kalibu iliyochongwa mchangani au kwenye udongo. Misalaba kama hii imefukuliwa katika makaburi ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, na ile ya mapema ina umri wa karne nyingi. Ilitumika kama fedha na kulipia mahari. Mwaka 1960 serikali ya Katanga iliyojitenga na Kongo iliweka misalaba mitatu kwenye bendera yake. Anayeuona msalaba huu kabla ya kupanda basi ataelewa mara moja jambo ambalo vitabu vingi vya kikoloni vilipita juu yake: shaba ya Katanga haikugunduliwa na Wazungu. Wapimaji wao waliongozwa na wenyeji, au walifuata mashimo yaliyokuwa yamekwisha kuchimbwa.

Kinsevere, kilomita kama 30 kaskazini mwa Lubumbashi, ndipo pa kuelezea kilima cha shaba ni kitu gani. Jiwe lenye madini ni gumu kuliko miamba inayolizunguka. Mvua ya maelfu ya miaka huondoa kile kilicho laini, na jiwe hubaki limechomoza. Udongo wake una shaba nyingi mno kwa miti mingi ya miombo, kwa hiyo katikati ya msitu kilima hubaki na upara wa nyasi fupi na mimea michache iliyozoea sumu hiyo. Mmoja wa mimea hiyo, Haumaniastrum katangense, hujulikana kwa Kifaransa kama ua la shaba, na wapimaji wa madini wameutumia kama alama. Wafua shaba wa kale hawakuhitaji chombo chochote: waliona upara, wakapanda, wakakuta malakaiti ya kijani juu ya ardhi. Walichimba wakati wa kiangazi, baada ya kuvuna. Tanuru walizijenga kwa udongo wa kichuguu, ambao unavumilia moto, wakachochea makaa kwa mivukuto. Vichuguu vyenyewe havikosekani. Kando ya barabara viko vikubwa kupita nyumba, na katika uwanda huu vimepimwa vingine vyenye umri wa zaidi ya miaka 2,000. Leo watu huvikata na kufyatua matofali.

Mgodi wa sasa wa Kinsevere ulianzishwa na kampuni ya Anvil Mining, na tangu mwaka 2012 uko mikononi mwa MMG, kampuni ambayo mwenye hisa nyingi ni China Minmetals. Mitambo iliyozinduliwa mwaka 2011 iliweza kutoa tani 60,000 za shaba safi kwa mwaka. Jiwe husagwa, huloweshwa katika asidi, na umeme huivuta shaba hadi igande kwenye mabamba. Njia hii haihitaji tanuru ya kuyeyushia, na ndiyo maana hapa hakuna bomba kama la Lubumbashi la kupigia picha. Basi la ziara haliingii ndani bila ruhusa ya maandishi iliyoombwa mapema. Wasio nayo hubaki barabarani na kusikiliza maelezo, na kusema kweli maelezo juu ya kilima hueleweka vizuri zaidi kwenye kilima kidogo ambacho bado hakijaguswa kuliko langoni mwa kampuni. Kamera ibaki mfukoni karibu na lango la mgodi, daraja au kituo cha polisi. Mabishano juu ya picha moja yanaweza kula saa nzima ya safari.

Kutoka hapo barabara inakuwa ya malori. Yanabeba mabamba ya shaba kwenda mpaka wa Kasumbalesa, na mengine yanaleta asidi ya salfa migodini. Basi husimama kwenye vituo vya kulipia barabara, na kila kisimamo huwa soko: ndizi, karanga, na uyoga wakati wa mvua.

Kama kilomita 50 kutoka Lubumbashi iko Shilatembo. Usiku wa tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alipigwa risasi hapo pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito. Miili ilifukuliwa baadaye na kuharibiwa kwa asidi. Jino moja lililobaki lilikaa Ubelgiji miaka mingi hadi liliporudishwa kwa familia mwezi Juni 2022, likazungushwa nchini, Shilatembo ikiwemo, kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Katika ziara nyingi hiki ndicho kituo chenye maswali mengi kuliko vyote. Mwongozaji asikipangie dakika kumi tu.

Daraja la Lufira hupitwa upesi, ila lina habari yake. Mwezi Septemba 1961 kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikwama hapo kikijaribu kuwafikia wenzao waliozingirwa Likasi, mji ambao wakati huo uliitwa Jadotville. Waliozingirwa walikuwa askari wa Ireland wapatao 155 chini ya Pat Quinlan. Walipigana siku tano na jeshi la Katanga na mamluki waliowazidi mara nyingi, huku ndege moja aina ya Fouga ikiwashambulia kutoka juu. Risasi na maji vilipokwisha walijisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Kwao walipokelewa kama watu walioaibisha jeshi, na heshima rasmi kwa kikosi kizima ilikuja mwaka 2016, mwaka ambao filamu juu yao pia ilitoka. Filamu hiyo imeleta maswali mengi ya wageni, ijapokuwa ilipigwa Afrika Kusini na vilima vinavyoonekana ndani yake si vya Likasi.

Likasi ndiyo yenye sura ya mji wa vilimani kuliko miji yote ya njia hii. Mitaa yake inapanda na kushuka, miti mikubwa imefunika barabara za zamani, na nyumba za Wazungu zimekaa juu wakati kambi za wafanyakazi ziko karibu na viwanda. Jina la Jadotville lilitoka kwa Jean Jadot, mhandisi aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa Union Minière. Kiwanda cha Shituru kilianza mwaka 1929 kutoa shaba kwa asidi na umeme, njia ileile ya Kinsevere ya leo kwa misingi yake. Mwongozaji anayejua kazi huwatembeza watu kwa miguu kutoka mtaa wa juu hadi kambini, kwa sababu mteremko wenyewe unaonyesha nani alikaa wapi na kwa nini.

Kambi zinahitaji maelezo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa muda mfupi na kuanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto. Ilitoa nyumba, posho ya unga, zahanati, shule, hata mpira. Watu wakawa wanasema, *kazi njo baba, njo mama*, yaani kazi ndiyo baba, ndiyo mama. Ulikuwa utunzaji wenye fimbo: Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma Élisabethville walipigwa risasi uwanjani, Léonard Mpoyi akiwa miongoni mwa waliouawa. Mwaka 1967 kampuni ilitaifishwa, ikaja kuitwa Gécamines. Baba huyo naye alizeeka. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari, na wengi wao walikuwa hawajalipwa mshahara kwa miezi mingi.

Kituo cha reli cha Likasi kina habari ambayo waongozaji wengi huiruka. Mwaka 1992, wakati wa uhasama wa kisiasa dhidi ya watu wenye asili ya Kasai, maelfu walifukuzwa majumbani na kulala kituoni, baadhi kwa miezi, wakisubiri treni za kuwapeleka nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengine walifia hapohapo. Kuipita bila neno si haki, kwa kuwa ndani ya basi lolote linalotoka Lubumbashi hakukosekani mtu ambaye jamaa zake walipitia hapo.

Chakula cha mchana huliwa Likasi: bukari, sombe, na samaki wa Kapolowe wanaovuliwa katika ziwa Tshangalele, ambalo lilitokea mto Lufira ulipozuiwa kwa bwawa la umeme la Mwadingusha. Mbele ya mikahawa hupita vijana wanaouza malakaiti iliyochongwa kuwa mayai, vyombo vya majivu na wanyama. Jiwe halisi ni zito na baridi mkononi, na mistari yake haijirudii sawasawa.

Kambove iko kilomita 25 hivi zaidi ya Likasi. Mwaka 1892 mwanajiolojia Mbelgiji Jules Cornet alipita eneo hili na kuandika juu ya vilima vyake vya shaba, na reli ilifika mwaka 1913. Upande wa magharibi wa Likasi ndiko iliko Shinkolobwe, ambapo urani ilipatikana mwaka 1915. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima ilitoka hapo. Edgar Sengier wa Union Minière alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe hayo hadi New York kabla Wamarekani hawajamwendea. Mgodi umefungwa, na mwaka 2004 uchimbaji wa mikono ulipigwa marufuku. Basi halipiti huko, na mwongozaji anayeahidi kuwapeleka abiria aachwe.

Mwongozaji hupanga saa kwa kuhesabu kutoka mwisho. Gari liondoke Kambove saa tisa alasiri ili liwe Lubumbashi kabla giza halijatanda, kwa kuwa usiku malori mabovu husimama barabarani bila taa. Miezi ya Mei hadi Septemba ndiyo mizuri, ingawa Juni na Julai asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta. Wenye siku ya pili hulala Likasi na kuendelea hadi Bunkeya, makao ya Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Unyamwezi aliyeitawala biashara ya shaba na pembe za ndovu, na ya watumwa pia, hadi alipouawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara ulioongozwa na Mzungu aliyeitwa Stairs. Huko kuna kaburi na ukoo wa Mwenda ambao bado unatawala kijadi. Kwa heshima, wageni hupiga hodi kwa mfalme kwanza, kisha ndipo huanza kutembezwa.