MPIGAJI PICHA ALISIMAMA WAPI?

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Nawaomba mnivumilie, kwa maana nitaanza kwa kukiri kosa, tena kosa nililolifanya mbele ya wazazi wenu.

Mtakumbuka kwamba muhula wa tatu mwaka 2025, siku ya wazazi, Chama chetu cha Kiswahili kilibandika picha ukutani chini ya kichwa "Migori ya Zamani na Migori ya Sasa". Zilikuwa jozi jozi: picha kuukuu upande wa kushoto, na ya simu upande wa kulia. Jozi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya daraja la Mto Migori. Picha ya zamani ilionyesha miembe mitatu mikubwa ukingoni, akina mama wakifua nguo, na lori limesimama barabarani. Katika ile ya sasa ni bodaboda kibao, maduka ya ghorofa, na mwembe hata mmoja hauonekani. Chini yake mimi, kwa mkono wangu na kalamu nyekundu, niliandika: TAZAMENI JINSI MITI ILIVYOMALIZWA! Wazazi walitikisa vichwa. Mzee mmoja alisema kizazi chetu ni shoka tupu.

Wageni walipokwisha kuondoka, mwalimu mlezi wa chama akaniita. Akaniuliza swali moja tu: "Maji yanaelekea wapi?"

Nikatazama. Katika picha ya zamani povu lilikuwa limetoka chini ya daraja likimjia mpigaji picha. Katika picha mpya maji yalikuwa yakimpa kisogo, yanaingia chini ya daraja. Lo! Mto Migori haujawahi kugeuka ukarudi ulikotoka. Kumbe mpigaji wa kwanza alisimama upande ambao maji yanaelekea, na sisi tulisimama upande yanakotoka. Tulikuwa tumelinganisha uso wa mtu na kisogo chake, kisha tukalalamika kwamba amepoteza pua.

Jumamosi nilikwenda mwenyewe darajani, upande ule mwingine. Miembe miwili ipo. Wa tatu ni kisiki. Haya basi, mti mmoja ulikatwa, si mitatu, na aliyezidisha ni mimi.

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kusumbua watu kwa picha. Nitawaeleza niliyojifunza, maana si magumu.

Jambo la kwanza ni mahali pa kusimama. Fumba jicho moja, inua kidole chako mbele ya ubao wa darasa. Sogeza kichwa kidogo kulia: kidole kinaonekana kimehamia kushoto ubaoni, ingawa hukukisogeza. Kitu cha karibu huhama haraka, kitu cha mbali hukaa. Ndivyo ilivyo katika picha. Ukiona nguzo imekaa sawasawa chini ya ncha ya kilima, basi aliyepiga picha ile alikuwa amesimama mahali fulani kwenye mstari mmoja ulionyooka, unaotoka kilimani, unapita kwenye nguzo, mpaka kwake. Akisogea hatua chache pembeni, nguzo inatoka chini ya ncha. Wenzangu hudhani ukivuta picha karibu kwa simu umetengeneza mambo. La! Kuvuta kunakuza tu kila kitu pamoja. Kinachopanga vitu upya ni miguu yako.

Jambo la pili ni mwaka, na hapa ndipo watu wanapodanganya bila kukusudia. Mwenye ile picha ya daraja alituapia kwamba ilipigwa mwaka wa Uhuru, yaani 1963. Lakini lori lile lilikuwa na nambari inayoanza na KAC, na nambari za mtindo ule za kuanzia KA zilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Hivyo basi picha ile ni ya miaka ya 1990 kwenda mbele. Nambari zinazoanza na KB zilikuja 2007, na za KD 2020. Matatu yenye mstari wa njano ubavuni haiwezi kuwa ya kabla ya kanuni za 2004. Kibanda cha M-Pesa hakiwezi kuwa cha kabla ya 2007. Bodaboda za pikipiki zilienea sana baada ya 2008. Kabla ya hapo bodaboda ilikuwa baiskeli. Na kibao kikisema "Kaunti ya Migori", ujue ni tangu 2013, maana kabla ya hapo tulikuwa wilaya, na kabla ya wilaya hiyo sisi na Homa Bay tulikuwa nyumba moja iliyoitwa South Nyanza. (Picha za studio, zile za pazia lenye ndege na maua, hazifai kabisa kwa kazi hii, japo mama yangu anazipenda.)

Heri wale walioandika. Mwaka 1936 mtaalamu Mwingereza aitwaye Evans-Pritchard alizuru nchi ya Wajaluo na kupiga picha, na picha hizo zikahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers huko Oxford. Mwaka 2007 nakala zilirudishwa nyumbani na kuonyeshwa Siaya katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, maana yake kuyawaza ya kale. Zingekuwa zimetupwa sandukuni bila mwaka wala mahali, ni nani angejua za kupeleka Siaya na za kupeleka kwingine?

Sasa niwapeleke Homa Bay, maana huko ndiko somo hili liliponigusa moyo. Sisi tunaishi Migori kwa sababu ya kazi ya baba, lakini kwetu hasa ni kijiji kimoja ufuoni karibu na mji wa Homa Bay. Likizo ya Desemba 2025 nilipanda matatu, tukapita Awendo kwenye miwa, tukapita Rongo, hadi nikafika kwa nyanya. Nyanya haishi tena katika boma lake. Boma liko ndani ya ziwa.

Mvua za mwisho wa 2019 zilikuwa kubwa mno, na kufikia Mei 2020 Ziwa Viktoria lilikuwa limepanda zaidi ya mita moja kwa muda wa miezi michache, likavuka kiwango chake cha juu cha 1964. Mita moja mtaiona kidogo. Lakini ufuo wetu ni tambarare: mahali ambapo inakubidi utembee hatua hamsini ndipo upande mita moja, maji yakipanda mita moja yanakula hatua hamsini zote. Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Nakumbuka magodoro juu ya mkokoteni. Kilichobaki nyuma ni kuta za nyumba, choo, na kaburi la babu, aliyefariki 2011 na kuzikwa bomani mwake kama desturi yetu ilivyo.

Kuta zilianguka zikayeyuka. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kaburi liko wapi. Ami alionyesha huku, shangazi alionyesha kule, na kila mwaka walikosana. Juu ya hayo kulikuwa na maneno mengine, kwamba babu alikuwa mkaidi, ati alijenga ziwani.

Nyanya alikuwa na picha tatu ndani ya kopo la majani ya chai. Ya kwanza ni ya siku ya mazishi. Jeneza liko katikati, na nyuma yake, sawasawa, ni tanki la maji la shule ya msingi juu ya nguzo zake za chuma, na juu ya tanki ni ncha ya kilima cha Asego, kile kilichochongoka kama pia. Ya pili ni ya 2013, kaburi lilipotiwa saruji. Hiyo ilipigwa kutoka ubavuni: nyuma ya kaburi ni mkuyu mkubwa, na nyuma ya mkuyu ni mteremko wa Mlima Homa. Tanki lipo mpaka leo. Mkuyu upo. Vilima, hata usiulize.

Nilimwambia ami, "Ami, tuna mistari miwili. Inapokutana ndipo alipo babu."

Ami alicheka, lakini alikwenda akaazima mtumbwi. Tulitoka asubuhi, baada ya kuhakikisha kwamba viboko hawako karibu. Yeye alishika pondo, mimi nikashika picha ndani ya karatasi ya nailoni. Kwanza tulitafuta mahali ambapo tanki linakaa chini ya ncha ya Asego. Tulipolipata tulisonga polepole kwenye mstari huohuo, tukielekea ndani, huku mimi nikiangalia upande wa pili. Mkuyu ulitembea taratibu juu ya mteremko wa Mlima Homa, ukakaribia, ukafika. Nikasema, "Hapa." Ami akashusha pondo. Matope. Akajaribu tena kidogo kushoto. Matope. Mara ya nne au ya tano tukasikia kitu kigumu, ko! Akagonga pembeni, ko! tena. Akafuata ukingo kwa pondo, upande mrefu na upande mfupi. Maji hapo hayamfiki mtu mzima shingoni. Ami hakucheka tena. Alivua kofia.

Picha ya tatu ndiyo iliyozua mazungumzo jioni. Nyuma yake imeandikwa "Agosti 2006". Babu na nyanya wamesimama mlangoni, na mbele ya nyumba ni ardhi kavu pana, watoto wanacheza mpira, mitumbwi iko mbali kama punje za mchele. Shangazi akasema, "Mnaona? Hakujenga ziwani! Ni ziwa lililomfuata." Kama ningekuwa bado yule wa kalamu nyekundu, ningebandika picha hiyo pamoja na ya leo na kumaliza habari.

Lakini 2006 ulikuwa mwaka wa ziwa kushuka sana, kwa sababu ya ukame na pia maji mengi yaliyoachiliwa kwenye mabwawa ya Jinja, ambako Mto Naili hutokea. Picha ile inaonyesha ufuo ulipokuwa mpana kuliko kawaida yake. Nikamgeukia nyanya, nikamwuliza maji yalikuwa wapi alipoolewa. Aliolewa 1965. Alijibu kwa Kijaluo, nami natafsiri:

"Mjukuu wangu, nilipoletwa hapa nilichota maji penye mkuyu. Babu yako alijua. Maji yaliporudi nyuma sote tuliyafuata, maana mitumbwi ilikuwa huko. Nilimwambia ziwa litakumbuka njia. Akasema likikumbuka tutahama."

Nyumba nzima ikanyamaza. Basi chukua 2006 na 2020, utasema dunia inaisha. Chukua 1965 na 2020, utasema hakuna kilichobadilika, maji yako palepale mkuyuni. Zote mbili ni jozi za kweli za mahali pamoja. Ami na shangazi walikuwa wakibishana miaka mitano, kila mmoja akiwa na jozi yake kichwani. Barabara ya Migori haiwezi kurudi kuwa kichochoro, lakini ziwa huenda na kurudi, na 2024 lilipanda tena.

Siku iliyofuata nyanya alitaka kupelekwa. Tulimfunga jaketi la kuokolea maisha, akaketi katikati ya mtumbwi bila kusema neno. Tulipofika akaniomba nipige picha. Niliipiga kwa simu ya ami, na huko mjini tukaichapisha. Ukiiona utadhani ni ya maji matupu. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu ya kawaida, si nyekundu:

"Desemba 2025, asubuhi. Mpigaji amesimama mtumbwini. Tanki la shule chini ya ncha ya Asego. Mkuyu juu ya mteremko wa Mlima Homa upande wa pili. Babu yuko chini ya hapa."