Kiti ni ya Java, Msosi ni ya Mathe

Kila msee wa Kanairo ako na ramani mbili za kudish nje. Ya kwanza iko kwa simu, imejaa mapicha za kapuchino na meza safi, na ndio tunapenda kupost. Ya pili iko kwa kichwa. Hio inajua ni kibanda gani chapo hutoka moto saa saba, ni mathe gani huongeza supu bila kuitishwa, na ni kona gani mutura huisha kabla giza iingie. Shida inakuja tukizichanganya. Tunaingia java na njaa ya kweli, tunaacha soo sita kwa sandwichi, tunatoka tukiwa bado tunaskia njaa. Alafu tunapita kibanda tukiangalia kando, na hio kibanda ndio ilitulea.

Rada yangu ni hii: java unanunua kiti, kibandaski unanunua msosi. Ukijua ni gani unahitaji hio siku, hii tao itakubamba hata ukiwa na soo mbili pekee mfukoni.

Nikisema java namaanisha kafe yoyote. Java House yenyewe ilifunguka 1999 pale Adams Arcade, Ngong Road, na tangu hapo hio jina imebeba zote zenye ziko na waifai, soketi ya kuchaji na choo safi. Ingia moja ya tao katikati ya wiki, saa nne asubuhi, ucheki nani ako ndani. Kuna msee wa online writing amefunga masikio na hedifoni, kazi inatakikana jioni. Kuna madem wawili wanapanga biashara ya mawigi, bajeti wameiandika kwa tishu. Kule kona kuna mtu amedunga suti, ametoka intavyu ama anaingojea. Hakuna hata mmoja alikuja juu ya njaa. Wamekuja juu kwa keja stima hupotea bila kuaga, na jirani ako na spika kubwa kuliko mlango yake. Kikombe ni kama soo tatu na finje. Ukikaa masaa nne, hio ni chini ya soo kwa saa, na umepewa kiti, stima, waifai na mtu wa kukuuliza kama uko sawa. Kwa kijana hana ofisi, hio si maringo. Hio ni kodi ya ofisi.

So ilipe vizuri. Ukiona lunch imefika na umekalia meza ya watu wanne peke yako, hama ile ya wawili. Masaa yakizidi, itisha kitu ingine, hata kama ni chai. Na weita mwenye amekuletea maji mara ngapi bila kununa, mwachie mbao, mwachie finje, chenye uko nacho. Huyo pia ni kijana kama wewe, na nauli ya mat ya usiku inamngoja.

Lakini kuna kitu hunichoma roho nikishika hio kikombe. Kahawa ilifika Kenya 1893, wamisionari Wafaransa wakiipanda Bura, kule Taita. Mkoloni akaigeuza mali ya masetla, mkulima mweusi akazuiwa kuipanda kwa miaka mingi, mpaka mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954 ndio ukafungua mlango kwa upana. Leo kahawa ya daraja ya AA ya Nyeri na Kirinyaga inapiganiwa na wanunuzi wa Ulaya na Marekani. Mnada unafanyika hapa hapa Nairobi, alafu karibu mzigo wote unapanda meli Mombasa unaenda zake. Sisi tunabaki na chai. Kwa hivo siku ukiwa java na uko na doo, achana na ile iko na krimu na sirapu. Itisha nyeusi, uulize imetoka kaunti gani. Kuna mashosho wengi huko milimani wamechuma hio kahawa maisha yao yote na hawajawahi kuiskia kwa mdomo. Angalau mjukuu aionje akijua ni ya nani.

Na kama soo tatu haiko, kahawa bado iko. Jioni ikishika, pande za Majengo na mitaa mingine ya Eastlando, utapata msee ako na birika ya aluminiamu juu ya jiko ndogo ya makaa. Vikombe ni vidogo, kahawa ni chungu na imewekwa tangawizi. Ni mtindo wa Pwani, vile wazee wa Mji wa Kale Mombasa hukunywa wakiwa na kashata ama haluwa. Unatoa ashu ama mbao, unasimama na masoja wenye wanaanza shifti na wasee wa nduthi wenye wamechoka. Kiti hakuna, waifai hakuna, lakini mushene yote ya mtaa utaipata hapo kabla ifike kwa simu.

Kuna siku ingine mbogi imepata doo na mnataka meza kubwa. Hio si siku ya java na si siku ya kibanda. Panda mat ya Jogoo Road muende soko ya Burma, ama kama mko upande ya Ngong Road, Kenyatta Market, pale madem wanasukwa mlango huu na mbuzi inachomwa mlango ule. Unachagua nyama ikiwa imening'inia, inapimwa ukiona, alafu unangoja. Kungoja ndio sehemu tamu. Choma haitaki haraka, na mwenye anaikata kwa ubao akikupea kipande ya kuonja, kula pole pole uskie. Kama ni samaki mnataka, Ranalo ya Kimathi Street, ile wengi hujua kama K'Osewe, bado inakupea ngege nzima na ugali bila mchezo. Eastleigh watakuwekea ndizi kando ya wali, na usiiache kwa sahani, imanga pamoja na huo wali ndio utaelewa. Diamond Plaza pale Parklands utashambuliwa na maweita kumi wameshika menyu kumi kabla ukae. Chagua moja, itisha chips masala, tulia.

Sheria ya meza kubwa ni moja, mniskie. Mchango utumwe kabla nyama ikatwe. Tangu namba za Lipa na M-Pesa zianze kubandikwa kwa ukuta 2013, hakuna msee ako na sababu ya kusema ati hana chenji. Yule hana doo aseme mapema, abebwe na mbogi, na hakuna mtu atamwangalia vibaya. Yule ako nayo na anaenda choo bili ikija, huyo ndio huharibu sherehe.

Chipo nazo zina stori yao. Januari 2022 KFC ya Kenya iliishiwa na chips juu viazi zao zilikuwa zinatoka ng'ambo kwa meli na meli ikachelewa. Hio wiki wakulima wa Nyandarua walikuwa wamekaa na magunia za waru, na wasee mtandaoni wakawaka kabisa. Walikuwa na haki kuwaka. Ile chipo ya mtaani inakaangwa kwa karai mbele yako imetoka Kinangop ama Molo, mara nyingi ni waru aina ya shangi, na doo yako inarudi kwa shamba la mtu unaweza kumfikia na mat. Ukinunua hio na kachumbari juu, umefanya zaidi ya kushiba.

Sasa tuingie kibandaski, pale roho yangu iko.

Mathe wa kibanda huamka mangware. Kama bado ni giza ako soko ya Marikiti kuchukua nyanya, vitunguu na sukuma kabla bei ipande. Madondo amezilowesha tangu jana, na zinataka masaa kadhaa juu ya moto, na makaa ni ghali. Ndio maana wengine hununua zenye zimechemshwa tayari, kazi yao inabaki kukaanga na dania. Saa nne chai na mandazi zimeenda. Saa saba wasee wa mjengo wanaingia wote mara moja, buti zimejaa simiti, kila mtu ako na nusu saa, na hapo ndio utajua mathe anajua wera.

Lugha ya hapo ni fupi. "Chapo mbili dondo." "Ugali matumbo, weka na sukuma." "Mchele ndengu, mathe, ongeza supu." Mathe anafunua sufuria, unachagua kwa macho na pua. Kuna ovakado nusu kama ni msimu, kuna pilipili kwa chupa ya zamani, kuna jagi ya maji. Unakalia benchi na mtu hujawahi kumuona, mnapitishiana chumvi, na kufika chapo ya pili mnabonga kuhusu kodi na mpira. Soo na finje, na njaa utaiskia tena usiku.

Kibanda nzuri naijua hivi. Kwanza naangalia nani anakula. Nikiona mjengo, makanga na mekanika, naingia, juu hao hawana doo ya kupoteza na tumbo zao hazidanganywi. Pili, supu ya madondo inafaa kuwa nzito yenyewe, si unga imetiwa. Tatu, kufika saa tisa sufuria ziwe tupu. Kama zimejaa saa hio, na watu wako barabarani, kuna kitu wanajua. Na maji ya kunawa iwe inatiririka, hapo sifungi jicho hata kama mathe ni rafiki.

Watu wengi hawajui huyu mathe hubeba nini. 2022 unga ya ugali ya kilo mbili ilipita soo mbili, mafuta ya kupika ikapaa, na ngano ikashikwa na vita ya Ukraine. Makafe walichapisha menyu mpya na bei mpya, maisha ikaendelea. Mathe hana menyu. Akiongeza ashu kwa chapo, kastoma wake wa miaka anavuka barabara. So chapo ilipunguzwa unene kidogo, na ile hasara akalala nayo. Siku ukipewa chapo nyembamba, usimlalamikie kwa sauti mbele ya watu. Muulize pole pole bei ya unga imefika wapi.

Hata kubeba msosi imebadilika. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, picha ya msee kwa laini ya kura akimanga githeri kwa nailoni ilizunguka nchi yote. Tarehe 28 mwezi huo huo nailoni za kubebea zikapigwa marufuku. Saa hii msee anatoka kwa keja na kontena yake, mathe anapima. Mimi naipenda hio style. Ukileta kontena, mathe anajua unaenda kula na mtu, na mwiko wake hulegea.

Hata deti, nitasema tu. Deti ya kwanza java ni sawa, mnataka kiti na kimya ya kuskizana. Ya tatu ikuwe kibanda. Hapo utacheki venye huyo mtu anaongea na mathe, anashukuru aje, anaitisha aje, anangoja aje watu wakiwa wengi. Nimeona mapicha safi za java zikiisha na machozi. Mwenye anaheshimu mathe wa kibanda, huyo unaweza kumpeleka kwenu.

Alafu kuna kile kitabu. Kila kibanda iko na kitabu ya shule, kurasa zimekunjika na mafuta, ndani ni majina na deni. Wengine hawana hata majina, ni "kijana wa nduthi", ni "wa rasta", ni "jirani ya kinyozi". Fuliza, ile mkopo ya M-Pesa, hukukata ada deni ikikaa. Kitabu ya mathe haikati kitu. Hakuna riba, hakuna meseji ya vitisho, hakuna mtu anapigia wazazi wako simu. Kuna kalamu, na kuna "utanilipa ukipata, kijana wangu". Wangapi tumemaliza campo juu ya hicho kitabu? Wangapi tulitafuta wera tukiwa tumeshiba juu kuna mama aliamini?

Na wangapi tulipata hio wera, tukahama mtaa, tukaanza kupita barabara ingine? Hapo ndio nashikwa na hasira ya kweli. Chukua wasee watano, kila mmoja ametoroka na soo tatu. Hio ni ngiri na nusu: ni madondo ya kesho, ni unga, ni makaa. Si faida ya mathe hio, ni stoki. Vibanda nyingi zenye umeona zimefungwa ghafla na ukadhani biashara ilikosa kastoma, kastoma walikuwa. Walikuwa kwa kitabu.

Wikendi hii, kabla upost kikombe ingine, fungua M-Pesa. Kama jina yako bado iko kwa kitabu ya mathe yeyote, hata kama ulihama kitambo na ni deni ya chapo na chai, tuma. Weka na soo moja juu. Kama namba yake ulipoteza, rudi mtaa umtafute, ukae kwa benchi, uitishe chapo mbili dondo, na umlipe kwa mkono.