Mercedes inaweza kuvuta remorki ya mahindi?

Ndugu zangu, ile siku niliweka hapa picha ya Mercedes ya baba mukubwa na remorki ya mahindi nyuma, wengi mulicheka. Mumoja aliandika kwamba gari ya bosi haivutake mizigo. Mwingine akajibu kwamba Mercedes ni moteri, ata nyumba inaweza kuvuta. Wote wawili mulikosea kidogo, na mimi nilikosea kuliko ninyi, juu ni mimi niliyepakia. Picha ile ilipigwa saa moja mbele ya kuponea chupuchupu.

Tulikuwa na magunia 46 ya mahindi shambani, njia ya Kasenga, kilomita 60 hivi toka Lubumbashi. Yalikuwa mavuno yangu ya kwanza tangu nipate licence, na nusu ya feza ya mbolea ilikuwa deni. Fuso aliomba bei ambayo ingekula faida yetu karibu yote. Baba mukubwa akaniambia: "Mwana, leka kulia. Mercedes njo iko pale. Tutafuta remorki." Yee ni mutu wa kazi ya ofisi, ile gari anaipenda sana, na kwa kuitoa aende nayo shambani ilikuwa upendo. Ningekataa namna gani?

Remorki tuliipata kwa sudere mumoja wa mutaa: ekseli ya gari ya zamani, sanduku ya chuma, pine mbili. Tupu ilikuwa na kilo 310. Tukapakia magunia 20 ya kilo 50, sawa tani moja. Kuvuta, gari ilivuta bila shida. Baba mukubwa alikuwa anapiga mluzi. Kwenye muteremuko wa kwanza wa nguvu, njia ikiwa na maji ya mvua, akakanyaga freni juu ya watu wa makala waliokuwa wanasukuma kinga zao pembeni. Gari ilianza kusimama, remorki haikusimama. Ilisukuma matako ya gari upande wa kushoto, volani ikawa nyepesi sawa haishike kitu. Mutu mumoja wa makala aliacha kinga yake na kurukia kwenye majani. Tulisimama mita chache tu toka kwa ile kinga. Hakuna aliyeumia. Baba mukubwa hakupiga mluzi tena mpaka tulipofika.

Usiku ule nikatoa karatasi za gari. Ilitoka Ujerumani, na karatasi yake ya kule tulikuwa tungali nayo. Watu wengi wanaitupa kisha kupata plaki ya hapa. Musitupe. Kuna mistari miwili midogo: O.1 na O.2. O.1 ni uzito wa remorki yenye freni yake yenyewe, O.2 ni uzito wa remorki isiyo na freni. Kwa gari yetu O.1 ilikuwa kilo 1900, O.2 kilo 750. Nilisoma mara mbili. Gari ileile, moteri ileile, na tofauti ni zaidi ya tani moja.

Kama karatasi imepotea, fungua mulango wa mbele, angalia kibandiko ao kibati cha fabriki. Kwenye magari ya Ulaya kuna namba nne za kilo. Ya kwanza ni uzito wa mwisho wa gari na watu na mizigo yake. Ya pili ni gari pamoja na remorki. Ya tatu ni ekseli ya mbele, ya ine ni ya nyuma. Yetu ilisema 2240, kisha 4140. Toa moja kwa ingine, unapata ile 1900. Kama namba ya pili haipo, ao ni sawa na ya kwanza, fabriki haikuruhusu hiyo gari kuvuta kitu, ata ikuwe na moteri kubwa namna gani.

Basi sedani ya bei kali si zaifu. Kule Ulaya watu wanavuta nayo karavani, nyumba nzima ya kulala wakati wa konje. Sisi pia, gari na watu wawili na remorki ilikuwa kama kilo 3160, chini kabisa ya 4140. Kwa kuvuta tulikuwa ndani ya hesabu. Kwa kusimama hatukuwa ndani. Freni za gari zilitengenezwa kusimamisha gari yenyewe ikiwa imejaa, pamoja na kitu kidogo nyuma. Tuliziongezea kilo 1310 ambazo hazikuwa na freni hata moja.

Remorki ya Ulaya ikipita kilo 750, ni lazima ikuwe na freni. Na si kitu cha ajabu. Mukono wa remorki unaingia na kutoka kidogo ndani ya bomba. Gari ikifunga freni, remorki inaisukuma, ule mukono unaingia ndani, unavuta kamba ya chuma, kamba inafunga freni kwenye pine za remorki. Haiombe waya wala mafuta toka kwa gari. Remorki inajisimamisha kwa nguvu yake yenyewe ya kusukuma. Ekseli ya sudere wetu ilikuwa na freni zamani, alizikata juu zilikuwa "uzito wa bure".

Kitu cha pili ndicho kilifanya volani ikuwe nyepesi, na hapa masomo ya trakta yalinisaidia. Uzito ambao mukono wa remorki unaweka kwenye gari hauko juu ya ekseli ya nyuma, uko nyuma yake. Kwenye sedani kuna ile buti ndefu, basi kichwa cha kufungia remorki kiko kama mita 1.2 nyuma ya ekseli, na toka ekseli mpaka ekseli ni mita 2.85. Ni sawa mubembea wa watoto. Ukiweka kilo 100 pale nyuma, ekseli ya mbele inapoteza kilo 42, na ya nyuma inaongezewa 142. Mwenye trakta anajua hiyo, ndiyo maana anafunga vyuma vizito mbele. Kwenye Mercedes hakuna mahali pa kufunga vyuma. Nikaweka mukono wa remorki kwenye mizani ya depo, ikiwa imepakiwa sawa siku ile: kilo 190. Sedani nyingi zinaruhusiwa kama 75 mpaka 100.

Kupunguza ni rahisi. Toka ekseli ya remorki mpaka kichwa ilikuwa mita 2.5, kwa hiyo kila gunia la kilo 50 ukilirudisha nyuma mita moja, mukono unapoteza kilo 20. Ila usirudishe sana. Uzito ukipita nyuma ya ekseli, remorki inaanza kucheza mukia kushoto na kuume, na hiyo ni mubaya kuliko.

Kile kichwa nacho, sudere alikichomelea kwenye bati chini ya parashoki. Sedani haina shasi sawa lori, bodi yenyewe ndiyo inabeba. Fabriki imetengeneza matundu maalum ya kufungia kwa boloni, ndani zaidi, kwenye vyuma vinene. Tulipolala chini ya gari asubuhi, bati ilikuwa imeanza kupasuka upande mumoja, ufa wa urefu wa kidole. Safari moja tu.

Buati otomatiki sitaongea mingi: inachemka kwa muzigo, na kuitengeneza kunapita bei ya magunia yangu yote.

Kumwambia baba mukubwa ndiyo ilikuwa kazi. Nilimupelekea karatasi, sikusema gari yake haiwezi. Nilisema, "Baba, gari inaweza kilo 1900. Remorki njo haiwezi." Aliangalia ile O.2 muda murefu, akauliza tu ni magunia ngapi. Mia saba makumi tano, toa 310, inabaki 440: magunia 8. Kichwa kikafungwa upya kwa boloni, tukafanya safari mbili, kilomita 50 kwa saa. Magunia 10 yaliyobaki tulimupa Fuso kwa bei yake, na deni la mbolea nililimaliza kwa kuchelewa miezi miwili.

Kosa lingine lilikuwa langu mwenyewe, la agronome. Tulipakia mahindi yangali na unyevu wa asilimia 18. Tani moja ikikauka mpaka 13, inabaki karibu kilo 943. Tulihatarisha watu wa makala kwa kubeba kilo 57 za maji.

Sasa remorki iko ndani ya lupangu na sanduku tupu. Sudere amekubali kutengeneza mukono wa kuingia na kutoka nikimupatia ekseli yenye freni zake nzima na kamba. Kama mumoja wenu ameona moja Likasi ao Kipushi, aniandikie hapa chini, na aseme kama ngoma zake hazijakatwa.