MUZIKI BILA MANENO: MFANO WA MTOTO WA ZANZIBAR



Wenzetu wengi wanasema kwamba muziki bila maneno ni wimbo ambao haujakwisha. Ndiyo maana wapiga gitare wetu, wakiombwa kusindikiza teatre, wanataka kuimba hata pale wachezaji wanaposema. Tuangalie mfano mmoja.

Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara. Piano alijifunza Uhindi, katika shule ya kulala, sawa vile wengi wetu tunalala shuleni. Mwaka 1964, kisha Mapinduzi ya Zanzibar, jamaa yake ilihamia Uingereza. Kule akawa mwimbaji wa kundi la rock liitwalo Queen, na sauti yake ikajulikana duniani kote.

Mwaka 1980 Queen walitengeneza muziki ya sinema Flash Gordon. Freddie alitunga kipande kiitwacho « Football Fight », ndiyo kusema pigano la mpira. Kipande kile hakina maneno, na kinadumu karibu dakika moja na nusu tu. Sababu gani mwimbaji mkubwa namna ile alinyamaza?

Sababu picha ndiyo inaongoza. Flash ni mchezaji wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi. Katika jumba la mfalme mwovu Ming, askari wanamvamia. Yeye anakumbatia kitu cha chuma kama mpira, anawaangusha kana kwamba yuko uwanjani. Watu wanapiga kelele, wengine wanasema. Mtu akiimba juu yao, masikio yatasikiliza nani? Basi ile muziki inakimbia tu pamoja na Flash, ngoma mbio mbio na kinanda cha umeme juu yake. Na kumbe, zamani Queen waliandika juu ya majalada ya sahani zao kwamba hawatumii kinanda cha namna hiyo! Kazi ilipokitaka, walikitumia.

Freddie alifariki mwaka 1991, lakini somo limebaki. Kusindikiza si kazi ya mdogo. Wapiga gitare, mbele ya teatre someni kwanza maneno ya wachezaji, hesabuni dakika za kila tendo, ndipo mtafute sauti. Pale mchezaji anaposema, gitare iseme polepole. Pale ananyamaza, hapo ni zamu yenu.